Kopo la lita 10 kutoka Sabasaba: buibui wangu kalikubali

Nimelinunua shilingi 6,000 hapa Dodoma, kwa ajili ya buibui mkubwa wa shimoni niliyemkuta shambani Ihumwa. Plastiki ni angavu, namwona hadi chini. Nimejaza udongo sentimita 20, maana jamaa zake wa Queensland, Australia, *Selenocosmia crassipes*, wale wanaotoa sauti kama mluzi wakiudhiwa, ni wachimbaji. Ukiwapa udongo kidogo unawatesa. Huyu wangu usiku wa pili alikuwa ameshazama, na mlangoni katandika utando mweupe, laini, kama kitambaa cha meza. Nilikaa naye na tochi hadi saa sita.

Mfuniko ndio mbovu. Ulipasuka nilipoutoboa kwa msumari wa baridi. Upashe msumari moto kwanza, na utoboe mfuniko kutokea ndani, ncha kali zibaki nje.