TAHADHARI: Rezini iliyochakachuliwa na ukarabati wa "siku mbili" kwa wenye boti za faiba Mombasa

Kwa wenye boti, manahodha na mafundi wa faiba wa Mombasa na viunga vyake: kuna muuzaji anayezunguka sehemu zinakopandishwa boti, kuanzia kando ya Tudor hadi Mtwapa, akiuza rezini ya poliesta, yaani majimaji yanayoganda na kushikanisha nyuzi za faiba, kwa bei ya chini kuliko ya madukani na kuahidi kuleta vijana wake wa kusafisha na kuziba bodi ya chombo. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa malalamiko yangu nimeyapeleka mahali panapohusika. Ninachotaka mkijue vizuri ni jinsi anavyofanya kazi yake, maana mbinu hiyo inaweza kutumiwa na mtu mwingine yeyote kesho.

Boti yetu ya familia ni ya kuvulia, urefu wa futi 23, na imekaa majini miaka mingi bila kufanyiwa kazi kubwa. Tuliipandisha wakati wa bamvua, tukakwangua chaza na mwani, tukaiosha kwa maji matamu, na ilipokauka ndipo yalipoonekana malengelenge chini ya mstari wa maji, mengi zaidi karibu na mkuku. Tulipotoboa moja kwa ncha ya kisu lilirusha majimaji yanayonata kidogo, yenye harufu ya siki. Fundi wa faiba akiinusa harufu hiyo hana haja ya kuambiwa zaidi: maji yamepenya jelkoti, lile tabaka gumu la nje la bodi, yamekutana na kemikali zilizomo ndani ya rezini ya zamani, na majimaji hayo yenye asidi yanaendelea kuvuta maji mengine hadi tabaka la juu linavimba.

Muuzaji alipofika aliyatazama kwa muda mfupi, akasema, "Mzee wangu, hii ni kazi ya siku mbili tu. Nitumie nusu ya pesa asubuhi, rezini na vijana watafika kabla ya adhuhuri." Ahadi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kumtambua. Bodi yenye malengelenge haiponi kwa siku mbili, hata kwa fundi hodari. Jelkoti iliyoharibika husagwa, mashimo yakafunguliwa hadi kufikia faiba nzima, yakaoshwa kwa maji matamu mara kwa mara ili asidi itoke, kisha boti ikaachwa kwenye kivuli chenye upepo kwa wiki kadhaa na wakati mwingine miezi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na masika huzidisha, hivyo miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo inayofaa zaidi. Njia rahisi ya kujua kama bodi imekauka ni kubandika kipande cha nailoni angavu juu ya faiba iliyosagwa na kuziba kingo zake zote kwa utepe. Ukikuta matone upande wa ndani kesho yake, usipake kitu.

Rezini yenyewe ililetwa na boda boda katika debe la chuma lenye lebo iliyobanduka nusu, bila lakiri kwenye kifuniko, bila nambari ya toleo wala tarehe ya kutengenezwa. Ilipomiminwa ilikuwa nyepesi kama mafuta ya taa, na harufu ya asetoni ilizidi ile harufu kali ya stirini, kiyeyusho kilichomo ndani ya poliesta, ambayo kila aliyewahi kushika kazi hii anaijua. Poliesta haikai milele hata ikiwa debe halijafunguliwa: watengenezaji wengi huipa takriban miezi 6 katika nyuzijoto 25, na katika stoo ya mabati ya pwani muda huo hupungua. Ikichakaa huwa nzito, na anayetaka kuiuza huizimua kwa asetoni ili itiririke tena. Asetoni ni ya kusafishia brashi na kufutia mafuta kwenye bodi. Ikichanganywa ndani ya rezini huidhoofisha.

Vijana wake waliipaka juu ya mkeka wa nyuzi ubavuni, na jua likatua ingali majimaji. Asubuhi kaka yangu alishika ukingo wa mkeka kwa vidole viwili, akauvuta, ukabanduka wote kama ulivyobandikwa, na katikati nyuzi zilikuwa bado nyeupe na kavu. Ilitubidi kukwangua kila kitu, kuosha kwa asetoni na kusaga upya, kwa sababu tabaka jipya haliwezi kushika juu ya rezini ambayo haikuganda.

Nilipompigia simu, muuzaji alijibu kwamba rezini ya faiba hubaki na unato siku mbili tatu, na kwamba shida ni unyevu wa Mombasa. Jibu hili ni la hatari kwa sababu lina chembe ya ukweli. Rezini ya kujengea isiyotiwa nta hubaki na unato juu, pale inapogusana na hewa, hata ikiwa ni nzuri kabisa. Kwa hiyo msihukumu kwa kugusa uso wa juu, hukumuni kwa upande ambao hewa haikufika. Pimeni gramu 100 za rezini katika kikombe cha karatasi, mtie gramu 1 hadi 2 za hadena, kemikali ya kuigandisha rezini, kama maelezo ya mtengenezaji yanavyosema, mkoroge taratibu na kutazama saa. Katika joto letu, rezini nzima kwa kawaida huanza kushikana ndani ya nusu saa hivi na kikombe hupata moto. Kesho yake chaneni kikombe, mkaukwaruze kwa ukucha upande wa chini. Ukucha ukiingia, rudisheni debe kabla halijagusa chombo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika mkimwomba kiasi kidogo cha kupimia. Huyu alisema hana muda.

Baadaye alishauri tuzidishe hadena mara tatu. Tafadhalini, asifanye hivyo yeyote. Hadena ikizidi haiiponyi rezini iliyochakaa, bali huipasha moto kupita kiasi na kuifanya ipasuke. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima. Na ikiwa mtu atawauzia kando kichapuzi cha kobalti, kile cha kuharakisha rezini igande, msikichanganye kamwe moja kwa moja na hadena, kwa kuwa vinaweza kulipuka.

Ubavu wa pili ulituonyesha hila nyingine. Vijana walikuwa wamesaga juu juu, wakajaza mashimo ya malengelenge kwa pati ya magari na kuanza kupaka rangi. Pati hiyo ina unga wa talki na hunyonya maji. Inafaa kwa mlango wa matatu, lakini chini ya mstari wa maji ni kuficha ugonjwa tu. Rangi ikishapakwa boti hupendeza sana machoni, na ndiyo sababu wenzetu wawili niliozungumza nao hawakujua lolote mpaka walipopandisha tena vyombo vyao na kukuta pati imevimba na kudondoka. Kabla ya kulipa, gongeni bodi yote kwa nyundo ndogo: penye sauti kavu na kali pana faiba nzima, na penye sauti iliyofifia pana kasoro ndani au pamejazwa kitu kingine.

Kuhusu pesa, alikataa kulipwa kwa nambari ya biashara, akataka zitumwe kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi ambayo jina lake halikulingana na alilojitambulisha nalo. Risiti aliahidi kuileta na hakuileta. Aliyetapeliwa anaweza kudai haki yake katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambako si lazima kuwa na wakili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhusu pia. Mwenye debe la namna hii asilimwage. Aweke kiasi kidogo katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, mbali na moto na watoto, apige picha za lebo na za kazi iliyofanywa, ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha anitumie habari faraghani ili malalamiko yetu yaende pamoja.