Toyota 86 ya otomatiki: namna nilivyojifunza kushika gia ninayoitaka

Kila anayeliona gari langu huuliza kwa nini sikuchukua la manyuo. Jibu ni goti la kushoto. Nimefanyiwa upasuaji mara mbili, na kukanyaga klachi kwenye foleni ya Ubungo kila jioni nisingeweza. Kwa hiyo niliagiza Japani Toyota 86 ya mwaka 2013, giaboksi ya otomatiki yenye gia sita, na nyuma ya usukani kuna vibao viwili: cha kulia cha kupandisha gia, cha kushoto cha kushusha. Hivyo vibao ndivyo vilivyoniuzia gari.

Halafu kwa miezi mitatu sikuvigusa. Niliweka D, gari lijichagulie gia lenyewe, nikaendesha kama nilivyozoea kuendesha IST, nikaanza kujuta. Kwenye D gari hili hukimbilia gia za juu mapema mno ili libane mafuta. Uko kilomita 60 kwa saa, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umelala kwenye 1,500 hivi, na hapo injini hii haina kitu cha kukupa. Ni ya lita 2.0, haina tabo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu zake 200 za farasi zinapatikana kwenye RPM 7,000. Hata nguvu yake ya kuvuta inafikia kilele juu kule, kwenye 6,400 hadi 6,600. Katikati, kati ya 3,500 na 4,500, kuna bonde ambalo kila mwenye 86 analijua: unakanyaga mafuta, gari linasita, kisha ndipo linaamka.

Mlima Kitonga ndio ulionifungua macho. Nilikuwa naenda Iringa, nimeshavuka Ruaha Mbuyuni, barabara ikaanza kupanda na kukunjika, malori ya Tunduma yakiwa mbele yangu. Kwenye D giaboksi ilihangaika. Nikiachia mafuta kabla ya kona, inapandisha gia ya nne. Natoka konani, nakanyaga, inafikiri, inashusha ya tatu, inaona haitoshi, inashusha ya pili, na gari linaruka mbele wakati mimi nimeshapunguza tena kwa ajili ya lori. Tatizo halikuwa ubovu. Giaboksi inasoma mguu wangu na mwendo wa gari, lakini kona inayokuja haiioni. Mimi naiona.

Kuna njia tatu za kuiambia. Ya kwanza ni swichi ya SPORT karibu na mkono wa gia. Inachelewesha kupanda gia na kushusha mapema ukikanyaga breki. Nzuri, ila bado inakisia.

Ya pili ni kubonyeza kibao ukiwa kwenye D. Inakutii kwa muda mfupi, kisha ukitulia inarudi kwenye mawazo yake yenyewe. Hii naitumia Morogoro Road nikitaka kulipita basi: nabonyeza kushoto mara mbili kabla sijatoka nyuma yake, gari linakuwa tayari, napita, nasahau.

Ya tatu ni kuusogeza mkono wa gia hadi M, na hapa ndipo pesa yangu ilipo. Kwenye M gia uliyochagua inabaki. Hata ukiisukuma hadi mwisho wa mshale, kwangu haijawahi kujipandishia. Injini inagonga ukomo wake na kukusubiri. Ukishusha gia, yenyewe inaongeza mafuta kidogo ili mizunguko ilingane, gari halishtuki. Ukisimama kabisa inarudi gia ya kwanza bila kuombwa. Giaboksi hii imetengenezwa na Aisin, inatumia toku konveta ya kawaida (kiungo cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi), na bado inabadili gia haraka kuliko nilivyowahi kubadili kwa mkono nikiwa na goti zima.

Sasa napanda Kitonga kwa gia ya pili na ya tatu tu. Kwa matairi yangu, gia ya pili kwenye kilomita 40 inanipa RPM kama 2,900, na kwenye 80 inakaribia 5,700. Yaani karibu mwendo wote wa mlimani unaingia ndani ya gia moja. Najua gari litafanya nini kabla sijakanyaga. Utulivu huo siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajawahi kusukumwa ghafla katikati ya kona.

Niliwahi kuonewa kwa ajili ya M, na naandika ili isimtokee mwingine. Siku moja nilibonyeza kushusha kwenda ya pili nikiwa kwenye mwendo mkubwa. Gari likakataa, likapiga mlio, "pii". Nikarudia, likakataa tena. Gereji moja hapa Dar wakaniambia, "Bosi, giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Waliniandikia bei iliyoninyima usingizi wiki nzima. Nilichofanya ni kufungua kitabu cha gari: ule mlio ni ulinzi. Gia ya pili ingepeleka mizunguko kupita mstari mwekundu, yaani ukomo wa injini, kwa hiyo kompyuta inakataa amri. Nikapunguza mwendo, nikabonyeza, ikaingia laini. Giaboksi ni nzima hadi leo.

Ninachokilalamikia kweli ni kwamba vibao vimefungwa kwenye usukani wenyewe, vinazunguka nao. Kwenye kona kali usukani ukiwa umepinduka, cha kulia kiko kushoto. Nimejizoeza kuchagua gia kabla ya kona na kutogusa kitu hadi usukani unyooke. Mjini M haina kazi, acha D. Na tumbo la gari liko chini sana; matuta ya vijijini huko Mikumi yatakufundisha subira, uwe na giaboksi yoyote.

Kurudi Dar ndiko ninakokupenda zaidi. Safari ya kwanza nilishuka Kitonga kwenye D, mguu kwenye breki muda wote, na tulipofika chini harufu ilikuwa imejaa ndani ya gari hadi mke wangu akafungua dirisha akauliza kinachoungua ni nini. Mwezi uliopita nilishuka kwa gia nzito, ya pili, mkono wa gia kwenye M. Injini yenyewe ililishika gari, ikiunguruma taratibu. Breki niligusa kwenye kona tu, na nyuma ya lori moja lililowasha taa za tahadhari. Pale Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Wakati mke wangu anapatana bei, nilichuchumaa nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.