Uzio wa kuelea wa PVC: wafaa Kilindini, ila uheshimuni mkondo

Kwa kuzingira meli inayoshusha mafuta Kipevu, gati la mafuta katika bandari ya Kilindini, Mombasa, ili yakimwagika yasisambae, uzio huu ni ununuzi mzuri. Maboya yake ni ya povu gumu, hivyo yakitoboka hayazami, na mnyororo wa chini hulishika wima pazia linaloning'inia majini. Udhaifu wake ni mkondo. Maji yakiupiga uso kwa uso kwa kasi ya zaidi ya sentimita 35 hivi kwa sekunde, mafuta huburutwa chini ya pazia, hata liwe refu vipi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana na mkondo kuwa mkali, utegeni mshazari, mafuta yasukumwe kando penye mashine ya kunyonya. Kamba za nanga ziachieni ulegevu: hapa maji hupanda zaidi ya mita 3, na kamba fupi huuzamisha uzio. Viungio vikagueni kabla meli haijafunga gati. Vikilegea, mafuta hutoroka hapo kwanza, na mikoko ya hori la Port Reitz iko karibu mno.