Dalali yupi wa hisa akufae ukiwa Uganda

Wengi huchagua dalali wa hisa kwa uzuri wa programu yake ya simu. Yapo maswali mawili yanayotangulia. Pesa yako itaingia na kutoka kwa gharama gani? Na hisa ukishazinunua, zitaandikwa kwa jina la nani? Tumepanga aina nne za madalali kwa kufuata majibu ya maswali hayo, tukianza na inayowafaa watu wengi zaidi.

1. Dalali mwanachama wa Soko la Hisa la Uganda (USE)

Mwalimu wa Gulu anayeweka akiba kila mwezi, mfanyabiashara wa Kikuubo anayetaka gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa), kikundi cha akina mama chenye mfuko wa pamoja: wote waanzie hapa. Hisa hukaa kwenye akaunti ya SCD, yaani daftari la kielektroniki la soko, kwa jina lako mwenyewe. Dalali akifunga ofisi, hisa zinabaki kuwa zako na unaweza kumpa dalali mwingine azisimamie.

Majina yanayojulikana ni Crested Capital, SBG Securities, Dyer & Blair na UAP Old Mutual. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). CMA ina mfuko wa fidia kwa wawekezaji wanaoumizwa na dalali mwenye leseni aliyeshindwa kutimiza wajibu wake. Hasara ya bei kushuka haimo humo, na asiye na leseni hayumo kabisa.

Andaa kitambulisho cha taifa chenye NIN, picha ya pasipoti, maelezo ya benki na namba ya simu. Majina yafanane kwenye kitambulisho, benki na laini ya simu. Jina la tatu lililoachwa benki latosha kuzuia gawio lisikufikie, nalo hubaki kwa msajili wa hisa, yaani mtunza orodha ya wenye hisa wa kampuni, likikusubiri. Ukibadili benki au laini, mjulishe dalali na msajili wiki hiyohiyo. Usichanganye SCD na CSD: CSD ni akaunti ya Benki Kuu ya Uganda kwa hati fungani na dhamana za muda mfupi za serikali, nayo hufunguliwa kupitia benki ya biashara.

Sasa gharama. Omba orodha nzima kwa maandishi: kamisheni ya dalali, tozo ya soko, ya CMA na ya SCD. Tuseme jumla ni asilimia 2. Ukinunua hisa za shilingi 500,000 unalipa 10,000, na ukiuza kwa bei ileile unalipa nyingine 10,000. Bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo uanze kupata faida. Kwa hiyo anayetaka kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa, soko hili halimfai.

Kuna shida nyingine ambayo mawakala wa mauzo hawaisemi: soko letu lina wanunuzi wachache. Hisa za MTN, zilizouzwa kwa umma kwa shilingi 200 mwaka 2021, na za Airtel, zilizouzwa kwa shilingi 100 mwaka 2023, angalau zina watu wengi wanaozimiliki. Kwenye kampuni ndogo, oda yako ya kuuza inaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Ukiagiza "nunua kwa bei yoyote iliyopo" utaangukia bei ya juu kupita kiasi. Weka oda yenye ukomo wa bei, yaani taja bei ambayo hutaivuka, kila mara. Dalali ambaye mfumo wake wa mtandaoni hauonyeshi bei za wanunuzi na za wauzaji kwa pamoja, mshushe kwenye orodha yako.

Dalali mzuri pia hutoa uchambuzi unaosomeka. Mfano hai ni kampuni ya Umeme. Mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme ulianza 2005 ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na tarehe hiyo ilijulikana miaka yote. Aliyeambiwa habari za gawio tu bila kutajiwa tarehe hiyo hakuhudumiwa.

Vikundi na SACCO: fungueni akaunti kwa jina la kikundi, si kwa jina la mweka hazina. Pelekeni cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha, na vitambulisho vya watia saini.

2. Dalali wa kimataifa

Huyu hukununulia hisa za masoko ya nje, kama ya Marekani. Ni kwa mwenye dola 2,000 au zaidi za kuwekeza kwa miaka mingi, hasa anayelipwa kwa dola. Interactive Brokers ndiyo tunayoiweka mbele: haidai kiwango cha chini cha kuanzia, na kamisheni ya kawaida kwa hisa za Marekani ni dola 0.005 kwa kila hisa, isiyopungua dola 1 kwa oda.

Gharama kubwa iko benki. Benki ikikata dola 30 kutuma pesa, anayetuma dola 100 amepoteza asilimia 30, anayetuma 2,000 amepoteza 1.5. Kusanya kwanza, tuma mara moja au mbili kwa mwaka.

Kodi nayo ina uzito. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio la kampuni ya Marekani hukatwa asilimia 30 hata ukijaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni. Hapa nyumbani, mkazi binafsi hukatwa asilimia 10 kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa. Anayetegemea gawio abaki kwenye soko la Kampala. Mali ya Marekani ikizidi dola 60,000, mwenyewe akifariki, warithi wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi ya huko hadi asilimia 40. Wenye kiasi hicho wengi hununua ETF, yaani mifuko yenye hisa za kampuni nyingi inayouzwa sokoni kama hisa, iliyosajiliwa Ireland, kwa kuwa hiyo haihesabiwi mali ya Marekani.

3. Programu za vipande vya hisa

Hizi ni programu za simu zinazokuuzia sehemu tu ya hisa moja. Zinamfaa mwenye dola 10 au 20 anayetaka kujifunza. Zikitangaza kamisheni sifuri, tazama kiwango cha kubadilisha shilingi: kilinganishe na cha benki saa hiyohiyo, uone tofauti. Uliza pia ni dalali gani wa Marekani anayeshika hisa, na kama unaweza kuzihamisha bila kuziuza. Jibu likiwa hapana, usizidishe kiasi. Weka kidogo, kitoe chote, hesabu kilichorudi.

4. Majukwaa ya CFD na forex

CFD ni mkataba wa kulipana tofauti ya bei; forex ni biashara ya fedha za kigeni. Hapa hununui hisa. Unabashiri bei kwa pesa ya mkopo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye CFD hupoteza pesa. Hatumshauri yeyote. Na anayekutaka utume "mtaji" kwenye namba binafsi ya simu badala ya akaunti ya wateja ya kampuni yenye leseni, mkatie mawasiliano, hifadhi ujumbe wake, upeleke CMA na polisi.