Sony ZV-1 hapa Lubumbashi: muache 4K, muangalie ile mikro

Bandugu benye munaniulizaka ku WhatsApp ni kamera gani natumiaka, jibu njo hii, Sony ZV-1, na vile swali lenye linafwataka kila mara ni "yaya, iko muzuri ao hapana?", acha niandike yote mara moja halafu nitakuwa natuma paka hii. Hakuna mutu amenilipa, nilinunua na falanga zangu, na mahali penye inanikasirisha nitasema vilevile.

Kwanza mujue ni kamera gani. Ilitoka 2020, na Sony baliitengeneza kusudi kwa bantu benye kujipiga video benyewe. Njo maana ekrani inafunguka pembeni na kukugeukia, unajiona vile unasema, na ukiifungua tu kamera inawaka, ukiifunga inazimika. Ni kadogo, gramu karibu 294, inaingia mu sakoshi pamoja na telefone. Flashi haiko nayo, kale katundu ka kuchungulia na jicho haiko nako, na objektifu (lenzi) haibadilishwi, ni milimita 24 mpaka 70, inafunguka f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la mwangaza, namba ndogo njo tundu kubwa) ukiwa ku upana na f/2.8 ukivuta mpaka mwisho. Sensa, kile kipande cha ndani chenye kinashika picha, ni ya inchi 1, megapikseli 20. Wakati ilitoka bei ilikuwa karibu dola 800, mi yangu ni ya mukono wa pili, ya mutu mwenye alirudi Dubai.

Sasa bauzaji. Uingie mu duka ya makamera pale ville, neno la kwanza lenye utasikia ni 4K, ile video yenye pikseli mingi sana. Kisha atakuonyesha ile video ya pole pole, picha 960 kwa segonde, maji yanamwangika sawa hayataki kufika chini, na wewe unafungua mudomo, unatoa falanga. Ni kweli, bintu hibyo biko ndani. Lakini tufanye hesabu. 4K ya hii kamera, ukiiweka ku kiwango cha juu, inakula megabiti 100 kwa segonde, maana yake megabaiti 750 kwa dakika moja tu, video ya dakika 10 ni giga 7 na nusu. Nani kati yetu iko na forfe ya internet ya kupandisha hiyo? Na kompyuta ya kuikata iko wapi, yangu mi ikiona faili ya 4K inaanza kupiga makelele ya ventilateri sawa inataka kuruka, halafu mwisho wa yote mwenye kuangalia iko ku telefone yake mu taxi-bus, ameteremusha kalite juu ya kuchunga mega. Weka Full HD, ile ya chini ya 4K, megabiti 50, inatosha na inabaki. Mi 4K naiwashaka tu kama kuna mutu mwenye analipa na ameiomba na mudomo wake, na pale ununue karti ya memwari ya U3, ile ya mbio, la sivyo kile kiwango cha juu kamera itakikatala.

Chenye muuzaji hakukisema ni ile filtri ya ndani ya kupunguza mwangaza, banaiita ND. Kwa mutu wa Lubumbashi hii peke yake ni sababu ya kununua. Munajua jua letu la mwezi wa tisa saa sita, hata ukuta unaumiza macho. Kama unapiga picha 25 kwa segonde, obtirateri (ule mulango wa mwangaza wenye unafunguka na kufunga kwa kila picha) inapaswa kubaki karibu na 1/50 ya segonde ili mwendo wa bantu utoke laini sawa vile macho inauonaka. Mu jua kama lile, bila filtri, kamera inalazimika kupanda mpaka 1/1000 na zaidi, basi mutu akitembea anaonekana anarukaruka, ao inafunga objektifu na ile nyuma yenye ulitaka ififie inabaki wazi yote, na poubelle ya jirani ndani. ND inakata mwangaza ubaki sehemu moja ya nane, na iko ndani ya objektifu, hakuna kuzungusha kioo mbele ao kukipoteza. Nimeipa butoni yake, nikitoka mu nyumba nafinya, nikirudi nafinya. Telefone yako haiko nayo, hata ile ya dola 1000.

Tufike ku sauti, juu hapa njo kuna mambo. Juu ya kamera kuna mikro ya kapsuli tatu yenye inaangalia mbele, na mu karto kunakuwaka kale kamanyoya keusi ka kuweka juu yake, kanaingia mu reli pale juu na kanashika. Bantu banakachekaka, "we dada, unatembea na panya?" Mucheke tu. Kipindi cha vumbi, ule upepo wa mwezi wa nane, bila hako kamanyoya hakuna kitu utasikia, ni fuuu fuuu mpaka mwisho. Nilienda kupiga video ya finkubala, bile bidudu bya kula, mu soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, mahali penye kuna jenereta inanguruma, kijana wa mikate anaita, redio ya mutu wa ngoma iko juu mpaka mwisho, na mama mwenye alikuwa anauzisha, nilimusogezea kamera sawa urefu wa mukono. Nikamuomba ruhusa, akajifunga kitenge vizuri kwanza, akasema, "Sawa mutoto wangu, lakini useme na bei, bantu basikuje kunisumbua hapa." Ku nyumba nikasikiliza, jenereta iko, kijana iko, lakini sauti ya mama iko mbele yao, kila neno, na hata vile alikuwa anazungusha finkubala mu beseni na mukono, ule mulio wa kukauka unausikia. Na telefone yangu hapo ningepata jenereta yote na nusu ya mama.

Lakini mujue, hiyo mikro inapenda mwenye iko mbele ya objektifu. Weye mwenye unashika kamera unauliza swali kutoka nyuma, utasikika mbali, sawa uko mu chumba kingine. Kama kazi yako ni kuuliza bantu maswali mu barabara, nunua mikro ya kuvaa ku shati, tundu lake la milimita 3.5 liko pembeni. Tundu la ekuteri, bo Sony balikataa, haliko, na hii inaniuma kabisa juu hauwezi kusikiliza vile unarekodi. Piga kapande kadogo, sikiliza kwanza, kisha anza kazi.

Butoni ya kuonyesha kitu. Hii ni kwa bamama na badada benye munauzishaka bitenge, mesh, viatu ku status. Kwa kamera ya kawaida unaleta kitu mbele, fokasi inang'ang'ania uso wako, kile kitu kinabaki ukungu, unaweka mukono nyuma yake sawa pazia ili kamera ielewe. Hapa unafinya butoni mara moja, kisha chochote unasogeza mbele inakikamata palepale, ukikishusha inarudi ku macho yako bila kusitasita. Nilijaribu na hizo finkubala, nikaweka moja ku kidole karibu na objektifu: zile miba ndogo ndogo ku mugongo zinahesabika, kisha nikaitia mu mudomo na fokasi ikafwata mpaka ku meno. Iko na butoni ingine ya kufifisha nyuma, finya, nyuma inafifia, finya tena, inarudi. Kwa mutu mwenye hajui f ni nini, hakuna cha kujifunza hapo.

Na ngozi yetu? Hili swali bantu banaogopaka kuuliza lakini njo la maana. Kamera inapima mwangaza ku uso wako kwanza, ukitoka mu kivuli cha muti wa jacaranda na kuingia mu jua, uso haugeuki makaa na hauchomeki, inajirekebisha pole pole bila kuruka. Rangi inatoka yetu, ya kweli. Ila kuna ile kazi ya kulainisha ngozi, muizime, ku kiwango cha juu mutu anatoka sawa amepakwa unga, hana hata kunyanzi moja, na mama yako atakuuliza unatumia mukorogo gani.

Kutembea nayo sasa. Hapa sifa zinapungua. Kuna utulivu wa ndani ya objektifu, wa kuzuia picha isitikisike, na kuna ule wa pili wa nguvu wenye unakata pembeni za picha. Ukiuzima, barabara zetu na mashimo yake utaziona zote mu video. Ukiuwasha, picha inatulia lakini inasogea, na vile 24 si upana wa ajabu, ukishika na mukono uso wako unajaza ekrani yote, stade ya Mazembe yenye ulitaka bantu baione nyuma yako inabakia kipande cha ukuta. Dawa ni katrepie kafupi ka kushika, ongeza urefu wa mukono, ao simama useme umesimama.

Batri. Haya. Batri ni ile NP-BX1, ndogo sana, na Sony benyewe banahesabu karibu dakika 45 za video kwa matumizi ya kawaida. Dakika 45! Ndoa ya kwetu, kwaya ya kwanza haijamaliza kuingia. Na hapa kuranti inakatika wakati inataka, unaweza kuamuka asubui na batri zote ziko tupu. Kitu chenye kinaokoa ni kwamba inakubali kula ku pawabanki wakati inapiga video, kwa hiyo kamera ku trepie, waya mu pawabanki, pawabanki mu mufuko, na kazi inaendelea. Lakini ule waya ni micro-USB, ya zamani, mu 2020 tayari ilikuwa aibu, na mu nyumba yenye telefone zote ni USB-C utautafuta chini ya vitanda. Na mujichunge na batri za bandia. Kuna duka moja, sitaitaja, balinipa moja yenye jina la Sony juu, karto na kila kitu, ikawa inaonyesha imejaa, nyuma ya dakika kidogo kamera inakufa bila kuaga, na kurudisha ikawa maneno mpaka nikachoka. Batri ya kampuni ingine yenye inajiita na jina lake yenyewe ni heri kuliko Sony ya uongo.

Mambo madogo mbio mbio. Mulango wa batri na karti uko chini, ukifunga kamera ku trepie haufunguki, kila mara ni kufungua vise. Menyu ni ndefu na haiguswi na kidole, ekrani inakubali kidole kwa mambo kidogo, sawa kuchagua fokasi. Ikipata moto sana inajizima, mu menyu kuna kiwango cha joto cha kujizima, weka cha juu. Na jambo lenye bengi banalalamikia bila kujua sababu: bale michirizi myeusi yenye inapita mu video chini ya taa za neo. Kuranti yetu ni ya 50 Hz. Kama kamera ilitoka nchi ya 60, iko inapiga picha 30 kwa segonde, igeuze mu menyu kuwa PAL, ule mufumo wa nchi za 50, upige 25 ao 50, obtirateri ku 1/50 ao 1/100, michirizi inaisha. Itaomba kufuta karti kwanza, kwa hiyo toa video zako mbele.

Kuna wadogo zake. ZV-1F ya 2022 bei iko chini, ni 20 ya upana, USB-C, lakini haivuti na fokasi yake ni nzito, kwa badada ba bitenge sishauri. ZV-1 II ya 2023 inaanzia 18, USB-C iko, uso unapata nafasi, ila balitoa utulivu wa ndani ya objektifu, umebaki ule wa kukata pembeni. DJI Osmo Pocket 3, nayo ya 2023, kwa mutu wa kutembea tu inaipita hii bila mabishano, kichwa chake kinajisawazisha chenyewe. Lakini haivuti sawa hii. Mi nabakia na yangu juu nyingi ya kazi yangu ni kusimama, kusema na kuonyesha kitu.

Kama unapata ya mukono wa pili, mbele ya kutoa falanga: fungua na ufunge ekrani mara mingi uone kama picha inakatika, vuta zoom mpaka mwisho na urudishe, sikiliza kama inasaga, juu vumbi letu likiingia mule halitoki. Chomeka waya uone tundu la shajeri halichezi. Washa ND uone picha inagiza kweli. Na uulize kamanyoya kako wapi. Kama bakikuambia kalipotea, uteremushe bei.