Miezi mitatu na filamu fupi za Kihindi

Nilikulia Tanga, katika nyumba ambamo picha ya Kihindi ilikuwa ya saa tatu, yenye nyimbo sita, stelingi asiyekufa na adui anayejulikana tangu anapotokea. Ndiyo maana mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu filamu ya Kihindi ya dakika 15 hivi, isiyo na wimbo hata mmoja, nilidhani ni kionjo cha filamu nyingine. Tangu siku hiyo nimezitazama filamu fupi za aina hiyo kwenye YouTube kwa miezi mitatu, mara nyingi nikiwa na mama mdogo, ambaye hakufundishwa Kihindi na mtu yeyote ila anakielewa kwa kuzitazama picha hizo tangu utoto wake. Naandika kwa ajili ya wanaojiuliza kama zinastahili bando lao.

Iliyonishika kuliko zote ni Juice, ya mwongozaji Neeraj Ghaywan, iliyotoka mwaka 2017. Kisa chote ni cha jioni moja ya joto kali katika nyumba ya watu wa kipato cha kati. Wanaume wameketi sebuleni kwenye upepo wa kipoza hewa, wanakunywa na kujadili mambo ya ulimwengu, na wake zao wamebanana jikoni wakikaanga na kukoroga, huku feni waliyokuwa wakiitegemea ikigoma kuzunguka. Binti mdogo anaamriwa aache mchezo akawapakulie wavulana. Mfanyakazi wa ndani anapewa chai katika chombo chake cha chuma, tofauti na vikombe vya wenye nyumba, na anayejua habari za matabaka ya India haihitaji kamera ikae hapo ili aelewe kilichotendeka. Shefali Shah, anayeigiza kama Manju, mke wa mwenye nyumba, anasema machache sana. Hasira yake tunaiona ikipanda usoni pamoja na jasho, mpaka anapojimiminia juisi, anabeba kiti hadi sebuleni, anakaa mbele ya kile kipoza hewa na kumkazia mumewe macho. Filamu inaishia hapo. Mama mdogo alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, jikoni mle nimekaa miaka thelathini.”

Nilipoendelea kutazama niligundua kwamba jikoni na sebuleni ndiko wasanii hawa wanakopiga kambi. Bajeti ndogo inawalazimisha wafanye kazi katika nyumba moja na kwa waigizaji wachache, na wenye kipaji wameligeuza lazima hilo kuwa nguvu yao, kwa sababu mengi ambayo sinema kubwa huyafunika kwa harusi na ngoma hutendeka ndani ya kuta hizo. Chutney, ya Jyoti Kapur Das, inamwonyesha mke akimkaribisha msichana anayemnyemelea mumewe. Anamwekea mezani pakora, ambazo sisi tungeziita bajia, pamoja na chatne, kisha anamsimulia kisa kwa sauti ya upole inayotisha kuliko ugomvi wowote. Mwaka 2017 filamu hiyo ilipata tuzo ya Filmfare ya filamu fupi, na Tisca Chopra akatuzwa kwa uigizaji wake humo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Juice na Shefali Shah. Hizi ni tuzo za sinema ya Mumbai yenye fedha na majina, kwa hiyo heshima hiyo si ndogo.

Mapokezi ya watazamaji, hata hivyo, hufuata sura maarufu. Devi, ya Priyanka Banerjee, ilitoka mwaka 2020 ikiwa na Kajol mwenyewe, na ikazungumzwa mno. Wanawake tisa wa umri, dini na hali mbalimbali wamo katika chumba kimoja, kengele ya mlango inalia, nao wanabishana kama pana nafasi ya mwingine, na polepole tunatambua ni dhuluma gani iliyowakutanisha. Anapoingia anayesubiri mlangoni nilishindwa kuvumilia. Ila maandishi yanayofuata kwenye skrini, yanayotueleza tulichokwisha kukiona, naona yanapunguza uzito wa tukio hilo, na kasoro hii ya kutomwamini mtazamaji nimekutana nayo katika filamu nyingi za kundi hili.

Ndiyo maana naipigia debe Bittu, ya Karishma Dev Dube, isiyo na nyota yeyote. Inatokana na msiba wa jimbo la Bihar, India, wa mwaka 2013, ambapo watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichoingia sumu ya kuulia wadudu, lakini mwongozaji anaushika urafiki wa wasichana wawili, matusi yao, ugomvi wao na kununiana kwao, hata chakula kinapoletwa tunakuwa tumeshawapenda. Iliingia katika orodha ya filamu 10 zilizofikiriwa kwa Oscar ya filamu fupi za kuigiza ya mwaka 2021, ingawa haikuteuliwa.

Jambo moja linanisumbua kwa dhati. Baadhi ya filamu hizi, Juice ikiwemo, hutolewa chini ya jina la chapa ya kileo, katika nchi ambayo hairuhusu pombe kutangazwa kwenye televisheni. Bila fedha hizo pengine filamu kadhaa zisingetufikia, nami bado sijaridhika.

Kwa upande wa matumizi, kutazama ni bure, na kwa kuwa nyingi ni fupi, bando dogo linatosha hata kwa filamu tatu. Tafsiri za maandishi nilizozipata ni za Kiingereza, na katika chaneli moja ndogo zilichelewa kiasi cha kumjibu mtu ambaye bado hajaulizwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba maneno ya ukoo hufutwa: bhabhi, yaani mke wa kaka, anageuzwa jina tupu, wakati mzaha na heshima ya sentensi vimo katika neno hilo. Mama mdogo ndiye anayenirudishia maneno hayo, na kila tunapomaliza filamu mpya huniomba nimwekee tena Juice, tuanzie pale Manju anapoinua kiti.