Uzoefu wangu: miezi 18 katika nyumba ya kupanga kijijini Roi Et, Thailand

Nyumba ninayoieleza hapa ipo katika kijiji kimoja cha mkoa wa Roi Et, kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika ukanda ambao wenyeji huuita Isan, umbali wa kilomita zipatazo 500 kutoka Bangkok. Nimeishi humo tangu Novemba 2023 nikifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya wilaya, na kodi yake ni baht 2,500 kwa mwezi, kama shilingi laki mbili hivi za Tanzania. Naipa nyota nne kati ya tano, ingawa paa linavuja, choo ni cha kuchuchumaa, na maji ya bomba mwezi wa Aprili hutoka mekundu kama chai ya rangi. Nyota hizo nyingi ni za mwenye nyumba kuliko nyumba yenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo nilipanga katika mkoa mwingine nyumba iliyopendeza sana kwa macho, yenye vigae, kiyoyozi na bafu la maji moto, ambayo mwenyewe aliishi mbali na alipatikana kwa simu tu. Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979, katika kifungu cha 38, inamtaka mwenye nyumba aliyempokea mgeni atoe taarifa ndani ya saa 24 tangu mgeni huyo afike, na taarifa hiyo hujazwa katika fomu inayoitwa TM30. Wajibu ni wake, lakini asipoutimiza anayeumia ni mpangaji. Nilipokwenda kuomba nyongeza ya muda wa kukaa nchini, jina langu halikuonekana katika anwani yoyote, na kwa siku tatu mwenye nyumba hakupokea simu, kwa kuhofia, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, kwamba kuniandikisha kungemfanya aonekane ana kipato cha kodi. Mwishowe nililipa mimi faini ya baht 800 ambayo kisheria haikunihusu, nikabaki na bafu la maji moto na wasiwasi.

Nyumba hii ya pili niliipata kupitia mwalimu mwenzangu, kwani mmiliki wa nyumba ni shangazi wa mwalimu huyo. Ni mama wa makamo aliyepita miaka 60, anayeishi nyumba ya jirani, na kama wanakijiji wengine namwita Mae, yaani Mama, naye huniita Khru, yaani Mwalimu. Siku ya kwanza, kabla hatujazungumza bei, alitoa kabatini kitabu chenye jalada la buluu kinachoitwa tabien baan, ambacho ndicho usajili wa nyumba na wakazi wake Wathai, akaniuliza ninataka nakala ngapi. Hapo nilijua kwamba nimefika.

Msomaji aliyewahi kupanga Dar es Salaam au Morogoro anaijua barua ya serikali ya mtaa, bila ambayo huwezi kufungua akaunti wala kupata mambo mengine mengi. Thailand kitabu cha buluu kinafanya kazi inayofanana na hiyo, ila kwa mgeni hakitoshi peke yake: kila nakala ya kitabu, na kila nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba, lazima iandikwe kwa mkono wake kwamba ni nakala sahihi, kisha aitie saini. Saini hizo ndizo zinazofungua TM30, na TM30 ndiyo inayofungua nyongeza ya muda wa kukaa ya mwaka mmoja, ambayo ada yake ni baht 1,900, pamoja na cheti cha makazi kinachotakiwa unapoomba leseni ya udereva au unapoandikisha pikipiki kwa jina lako. Katika miezi hii 18 nimehesabu kwamba Mae amenitilia saini karatasi zaidi ya 30, na hata mara moja hajauliza ni za nini.

Taarifa ya kila siku 90, ambayo mgeni huwapa uhamiaji kuthibitisha anwani anayoishi, ni suala la mgeni mwenyewe, na hapo mwenye nyumba hana msaada. Unaruhusiwa kuitoa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yako hadi siku 7 baada yake, na ukitoka nchini kisha ukarudi, hesabu inaanza upya. Jambo dogo lililonisumbua ni kalenda. Mkataba wetu umeandikwa mwaka 2566, kwa sababu Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha inayotangulia yetu kwa miaka 543, na nilipokuwa nikijaza fomu kwa haraka niliwahi kuichanganya miaka hiyo miwili na kurudishwa nyuma ya foleni.

Umeme wa hapa haufanani na LUKU, kwa kuwa unatumia kwanza na kulipa baadaye. Msomaji wa mita wa shirika la umeme la mikoani, linalojulikana kwa kifupi PEA na linalohudumia nchi nzima isipokuwa Bangkok na mikoa miwili ya jirani, huja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, husoma mita iliyopo juu ya nguzo, huchapa ankara papo hapo na kuichomeka getini. Ninailipa kwenye duka la 7-Eleven la mjini au kwa simu, kwa kupiga picha alama iliyochapwa kwenye ankara. Anayetafuta nyumba aulize mapema kama ankara ni ya shirika au ya mwenye nyumba, kwa maana katika vyumba vingi vya kupanga mwenye nyumba hutoza baht 7 au 8 kwa uniti wakati bei ya shirika ni kama 4. Vilevile atazame namba iliyo usoni mwa mita. Mita yetu ilikuwa ya 5(15), maana yake ampea 5 za kawaida na 15 za juu kabisa, nayo iliweza kubeba feni, jokofu na jiko la wali bila kulalamika. Nilipofunga kiyoyozi kidogo cha mitumba mwezi wa Machi, birika la umeme likiwashwa tu nyumba nzima iliingia gizani. Kubadilisha kwenda mita ya 15(45) kulihitaji maombi ya mwenye nyumba kwa jina lake, na safari hii Mae alipanda pikipiki nyuma yangu hadi ofisini akiwa na kitabu chake cha buluu ndani ya mfuko wa plastiki.

Maji ndiyo yanayohitaji mazoea. Bomba la kijiji huvuta maji kutoka bwawani na kuendeshwa na kamati ya wanakijiji wenyewe. Msimu wa mvua ni safi ya kutosha kuoga na kufua, lakini kuanzia Februari bwawa linapopungua huja na tope, na pampu hupumzishwa mchana. Kwa hiyo kila nyumba ina mitungi mikubwa ya saruji, mirefu kama mtu mzima aliyeinama, inayoingia lita 2,000 hivi kila mmoja na kujazwa na maji ya paa. Sisi tunayo miwili. Mae alinifundisha kwamba mvua za kwanza huachwa zioshe paa kabla ya kuelekeza mfereji kwenye mtungi, na kwamba mfuniko usiachwe wazi hata usiku mmoja kwa sababu ya mbu wa dengi, ambao huuma mchana na hivyo chandarua hakisaidii sana. Wajitolea wa afya wa kijiji, ambao nchi nzima wamepita milioni moja, hupita nyumba kwa nyumba wakimulika mitungi kwa tochi kutafuta viluwiluwi vya mbu, na wakivikuta huweka chengachenga za dawa na kukutazama kwa jicho ambalo halihitaji mkalimani. Yeye Mae hunywa maji hayo ya mvua miaka yote. Mimi ninanunua madumu ya lita 20 yanayoletwa na gari kila wiki kwa baht 12 moja, na sioni aibu.

Gesi haina hadithi: mtungi wa kilo 15 ni zaidi kidogo ya baht 400, unaletwa kwa simu moja, na kwangu unakaa takriban miezi mitano. Chakula nacho ni rahisi kwa mtu wa kwetu kuliko alivyofikiri, kwani mihogo, bamia, mchicha na mboga inayofanana sana na matembele zipo sokoni kila asubuhi, ila unga wa sembe sijauona, na wali wa kunata wa Isan, unaoliwa kwa kumega na kuchovya, ndio umekuwa ugali wangu. Samaki aliyechachushwa wanayemtia kwenye karibu kila kitu ni suala jingine ambalo sitalieleza kwa undani.

Usafiri bila pikipiki haupo. Magari yenye viti vya benchi hupita barabara kuu asubuhi na kurudi alasiri, na aliyeachwa ameachwa. Nafuu ni kwamba hapa wanaendesha upande wa kushoto kama nyumbani. Tahadhari ni kulipa kila mwaka bima ya lazima na kodi ya chombo.

Nyota ya tano imeondolewa na vitu viwili. Cha kwanza ni kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji, kilichofungwa kwenye mlingoti mita 40 kutoka dirishani kwangu, ambacho huanza kabla ya saa 12 asubuhi kwa muziki wa kienyeji na kuendelea na matangazo ya mikutano, misiba, mbolea na siku za kukatika umeme. Mwaka wa kwanza nilikichukia. Sasa ninamwomba mwalimu mwenzangu anitafsirie, kwa sababu taarifa za umeme hutangulia hapo kabla ya mahali pengine popote, lakini mtu anayehitaji usingizi wa asubuhi asipange nyumba hii.

Cha pili ni paa. Mkataba ulipofika wakati wa kuufanya upya mwezi huu wa Mei, Mae hakupandisha kodi. Alipendekeza mimi ninunue mabati nane na yeye alipe mafundi, kisha gharama ya mabati ikatwe kwenye kodi ya miezi miwili, nami nilikubali bila kubishana. Mabati yapo uani tangu wiki iliyopita. Mafundi ni wakulima, na wamesema watakuja wakishamaliza kumwaga mbegu za mpunga mashambani, kwa hiyo kwa sasa kuna ndoo mbili sebuleni chini ya dari, moja yangu na moja ya Mae, ambaye huja kila baada ya mvua kuona ipi imejaa.